Jicho la Mama

Juzi kwenye maonyesho ya vinyago, kijana mmoja alitufundisha tofauti: mtindo wa ujamaa ni watu waliobebana, kila mmoja na sura yake, mtindo wa shetani ni jicho moja na mdomo uliopinda. Akasema wachongaji walihama polepole kutoka ule kwenda huu. Sijui wengine. Baba yangu, naye mchongaji, alihama mchana mmoja, uani kwetu Temeke.

Mama alikuwa ametukimbia wiki ileile. Kwenye gogo la ujamaa alilokuwa akilichonga baba, mama alikuwa katikati, amenibeba mgongoni. Baba alichukua tezo, akalifuta jicho moja la mama, kisha akaupinda mdomo. Vumbi la mpingo likanikaa kooni.

“Baba, mama ataumia!”

“Aumie. Ndivyo alivyo sasa.”

Nilimwamini. Jumapili mama alipokuja kunichukua, akaniita mlangoni na kifurushi cha halua mkononi, nilijiziba uso nikapiga kelele: “Shetani! Mfukuzeni!” Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama aliiacha halua kizingitini, na hakurudi tena.

Alipokuwa akigeuka nilichungulia katikati ya vidole. Alikuwa na macho yote mawili.