Wimbo Ambao Tata Aliusikia

Albamu ya mdogo wangu wa kike ina nyimbo tisa, na nane kati yake hazimruhusu mtu kukaa. Ngoma ya mashine inapiga moja, mbili, tatu, nne bila kupumzika. Chini yake kuna besi nzito, juu yake gitaa jembamba la kwetu Katanga, na yeye anaimba kwa furaha, hata ule wimbo wa kuachwa na mchumba. Miaka miwili alikuwa akirekodi katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, mjini Kolwezi. Mimi ni mwongozaji wa kwaya kanisani, mtaani kwetu Kapata. Siku nilipokabidhiwa kwaya, jambo la kwanza nililofanya ni kuiondoa ngoma kubwa, sauti za watu zisikike safi. Kwa hiyo niliposikia albamu yake nilimwambia wazi, "Hii ni makelele tu."

Alicheka, ulimi wangu ameuzoea. Kilichomnyima usingizi ni tata, baba yetu. Sisi asili yetu ni Kasai. Babu aliletwa huku na kazi ya mgodi, na tata akamfuata, akazeeka na mashine ya kutoboa mawe. Nyumbani kwetu kitu cha kwanza cha mtoto, uwe mshahara au gunia la mahindi, hupita kwanza mikononi mwa baba akiombee.

"Yaya, tata akikatala, mi siitoshi inje hii albamu," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Itabakia mu mashini."

Nilijua hatanii. Tata ni mzee wa kanisa, na miziki ya baa haipendi. Masikio yake nayo yalikuwa yamechoka kidogo, au ndivyo tulivyodhani. Ukimpigia kelele anajibu, "Nasikia, mi si kiziwi," na habari inaishia hapo. Siku hizo alikuwa akisinzia kanisani katikati ya nyimbo zangu. Nilimkasirikia sana, kimyakimya, kama binti mwenye adabu.

Basi nikajifanya mjanja. Nilimshauri mdogo wangu ampigie tata wimbo wa tisa tu, ule wa polepole, sauti yake na gitaa, bila ngoma wala besi. Hizo nane nyingine tungezinyamazia.

Jumapili baada ya ibada tulimweka tata kwenye kiti chake barazani, bafle, ile spika kubwa ya mdogo wangu, miguuni pake. Wimbo ukaanza. Alitulia, mikono magotini, akitazama nyumba za kampuni ya mgodi zilizo ng'ambo ya barabara. Mdogo wangu alifuta machozi, maana wimbo ule ni mzuri kweli. Ukaisha. Tukangoja. Mwishowe tata akauliza kwa upole:

"Mutaanza saa ngapi?"

Mdogo wangu alinitazama, nami nikatazama sakafu. Kisha, bila kuniomba ruhusa, akaweka wimbo wa kwanza, wenye makelele kuliko yote. Kikombe cha chai kikatetemeka juu ya stuli. Tata akainama taratibu, akaweka kiganja juu ya bafle na kukiacha hapo. Mguu wake wa kulia ukaanza kupiga chini, moja, mbili, tatu, nne.

"Hii naisikia," alisema. "Ni ya nani?"

"Ni yangu, tata."

"Rudilia."

Ulirudiwa mara tatu. Halafu akauweka mkono wa pili juu ya kichwa cha binti yake, akaomba kwa Kiluba cha Kasai, ombi refu, na ule mkono wa kwanza haukutoka kwenye bafle. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka pamoja.

Ningenyamaza ingekuwa heri. Lakini wivu ulinipanda. Nikainama sikioni pa tata, nikapaza sauti kumuuliza sababu:

"Sasa tata, juu ya nini mu kanisa unalalaka?"

Hakukasirika.

"Zamani nilikuwa nakaa pembeni ya ngoma," alisema. "Mukaitosha inje. Mi nilizani kanisa iliacha kuimba."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema wahenga. Tata aliyaficha yake miaka yote ile, na aliyeumbuka ni mimi. Jumapili iliyofuata niliitoa ngoma stoo mwenyewe, nikaifuta vumbi, nikaiweka karibu na kiti chake. Kwaya ilipoanza sikuwatazama waimbaji hata kidogo. Nilikuwa nautazama mguu wake wa kulia.