Damu ya Masanja niliitoa mimi

Leo daktari kaniambia nipimwe damu, anahisi nina fangasi wa mapafu. Nimempigia kaka yangu Masanja kumweleza, na sasa sijui nicheke au nilie.

Miaka ya tisini, hapa hapa Mpanda, Masanja ndiye aliyeambiwa akapimwe hivyo.

Baba, mfugaji, akanipeleka mimi.

"Masanja amekonda, hana damu ya kutoa. Bwana mifugo akipima ng'ombe mmoja, anajua zizi zima."

Maabara nikaitika jina la Masanja. Majibu yakatoka safi. Baba akachinja mbuzi, Masanja akala huku anakohoa. Alipona baadaye, Mungu ndiye anajua alivyopona.

Sasa leo kanijibu kwa upole kabisa:

"Tulia, mdogo wangu. Umekonda sana. Nakuja kupimwa mimi."