Mchawi Aliyeacha Sukari

Mwihaki ni fundi wa nguo pale Huruma, na cherehani yake iko kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Fardowsa, ambaye mtaa mzima humwita Mama Asha. Ukimpelekea sare ya shule Jumatatu atakuambia uje Jumatano, na Jumatano atakuambia uje kesho, maana chini ya cherehani kuna daftari. Ndani ya daftari hilo amebuni nchi nzima, yenye mito, malkia na wachawi wake. Sare zinaweza kungoja.

Kila Jumamosi mchana alikuwa akikutana na waandishi wenzake kwenye ukumbi wa kanisa, wasomeane hadithi na kuchagua zitakazoingia kwenye kitabu chao. Aliyezichambua hadithi hizo ni Mzee Oluoch, mwalimu mstaafu, mtu ambaye mdomo wake hauna breki.

"Mwihaki, huyu mchawi wako anainua tu mkono, mvua inanyesha," alimwambia siku moja. "Kesho anainua tena, vita inaisha. Sasa mimi msomaji niogope nini? Hii uchawi haimgharimu kitu. Mpe sheria. Atoe kitu ndio apate kitu."

Mwihaki aliondoka akinung'unika kwamba mzee ana wivu, lakini moyoni alijua amesema kweli. Akajaribu. Mchawi akatoa damu, ikachosha kila mtu. Akatoa nywele, na Wesonga, mwenzao kijana wa kutengeneza simu, akauliza kama zinaota tena.

Jibu alilipata kwenye kikombe. Kila saa nne asubuhi Mama Asha humletea chai ya maziwa yenye iliki na vijiko viwili vya sukari. Yake mwenyewe huinywa bila sukari kabisa, na watu hudhani ana ugonjwa wa kisukari. Mwihaki peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli, siku moja ya mvua walipokosa wateja. Mtoto wa Mama Asha, Abdirizak, wa miaka sita, aliomba chai tamu akiwa amelazwa hospitalini, naye akamwambia angoje kidogo, nesi apite kwanza. Nesi alipopita, mtoto alikuwa ameshafariki. Miaka tisa sasa Mama Asha hajaonja sukari.

Na Mwihaki, bila haya, akayachukua hayo akayaandika. Katika nchi yake mchawi akawa anapata nguvu kwa kuacha ladha moja maisha yake yote, na kadiri anavyoipenda ladha hiyo ndivyo nguvu zinavyozidi. Mchawi mkuu alikuwa mama aliyefiwa na mtoto. Aliacha sukari, akaweza kuita mvua.

Jumamosi aliposoma, makofi yakalia ukumbi mzima.

"Sasa hii ni uchawi ya kuaminika!" alisema Mzee Oluoch. "Hii inaingia kwa kitabu chetu. Umeitoa wapi?"

"Nimebuni tu," Mwihaki akajibu, meno yote nje.

Hapo ndipo alipomwona Mama Asha mlangoni, amebeba thermos mbili. Mwihaki alikuwa amemwalika mwenyewe wiki tatu kabla, kwa mdomo tu, akasahau. Mama Asha alikuja kumpigia makofi. Akawamiminia watu wote chai, mmoja mmoja, na alipofika kwa Mwihaki akajaza kikombe bila kumtazama. Mwihaki alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu chai haikuja. Saa sita Mwihaki akaingia dukani.

"Mama Asha, nisamehe. Nimekukosea sana."

Mama Asha aliendelea kukunja kitambaa. "Mchawi si shida. Hadithi ni hadithi. Lakini huyo mama wako ameacha sukari, akapata mvua. Mimi nimeacha miaka tisa. Nimepata nini?"

Mwihaki alirudi kwenye cherehani akashona mfuko upande wa nyuma wa sare, akaufumua, akaushona palepale tena. Aibu ilimkaa kifuani wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya wenzake. "Hadithi yangu itolewe kwa kitabu. Ile sheria si yangu. Niliiba."

"Uliiba wapi?" Mzee Oluoch akauliza. "Kitabu gani?"

Angesema si kitabu, wangeuliza ni nani. Akafunga daftari, akaketi. Wesonga akasonya. Hellen, aliyekaa kando yake, akavuta mkoba wake karibu. Mzee akakata jina la Mwihaki kwenye orodha na kumwambia asirudi hadi atakapokuwa tayari kusema. Hajarudi mpaka leo, na huko bado wanamwita mwizi.

Jumatatu baada ya Jumamosi ile, saa nne, kikombe kikawekwa kando ya cherehani. Mama Asha alikuwa amesikia kwamba hakutajwa, maana Huruma hakuna siri ya ukumbini. Akakoroga vijiko viwili, kama zamani.

"Kunywa, itapoa," akasema.

Mwihaki akainywa yote, mpaka sukari iliyobaki chini, asiweze kuinua macho.