Betri Chini ya Kitanda cha Mama

Mama yangu ana pumu, na mashine yake ya kuvuta dawa inataka stima. Kwetu mvua ikianza tu, stima inapotea. Kwa hiyo fundi wa soko la Nyakoe alitufungia betri ile isiyofunguliwa wala kuongezwa maji, na chaja yake, chini ya kitanda cha mama. Pale chini niliamua mimi, niliogopa wezi. Fundi alitaka iwe penye hewa.

Alizungusha skrubu ndogo ya chaja, akitazama mita yake, mpaka volti kumi na tatu nukta sita. "Dada, hii itakaa kwa chaja siku zote. Isipite kumi na tatu nukta nane. Na chumba kikipata joto, ishuke kidogo."

Mimi niliachia darasa la saba. Lakini namba nasoma: ubavuni mwa betri niliona pia kumi na nne nukta saba, nikajiuliza mbona ananipunja. Ijumaa, kabla jua halijatua, sisi Wasabato hupika na kujaza kila mtungi, Sabato isitukute na upungufu. Nikaijaza na betri. Nilizungusha ile skrubu kwa ncha ya kisu mpaka mita ikasoma kumi na nne nukta saba, nikalala na amani. Ikakaa hivyo majuma kadhaa.

Sabato moja, mchana, tumetoka kanisani, mama amejilaza. Niliinama kutafuta ndara zake nikasikia harufu ya mayai viza. Mkono wangu uligusa betri. Ilikuwa moto kama sufuria, imefura pande zote.

"Mama, inuka twende nje."

"Na mvua hiyo inakuja? Umeamua kunirithi mapema?"

"Betri imefura."

Akashusha miguu. Nilimtoa kwa kumshika kwapa, nikampigia fundi. 

"Zima ukutani kwanza," akasema. "Klipu za nyaya kwenye betri usiziguse, zitatoa cheche. Fungua madirisha. Nakuja."

Nilirudi ndani peke yangu. Kutoka mlangoni hadi swichi ni hatua nne, na sijawahi kutembea mbali hivyo. Nikazima.

Mvua ikaja, stima ikaenda. Mama alikaa barazani, kifua kinapiga filimbi, na pampu yake ya mkononi ya kupulizia dawa ilikuwa karibu kwisha. Nilihesabu pumzi zake. Sikujua niombe nini: nilikuwa nimemnyang'anya pumzi kwa kutaka kumwekea nyingi.

Fundi alifika ameloa, amebeba betri yake mwenyewe. Yeye ni Mkatoliki kutoka upande wa ziwa, si wa kwetu wala wa Sabato yetu. Akaiunganisha na mashine, mama akavuta dawa, filimbi ikapungua.

"Nani aligusa skrubu?"

"Mimi. Nilidhani unanipunja."

"Ile namba kubwa ni ya betri inayotumika ikaisha, ikajazwa, ikatolewa. Hii yako inangoja tu. Ukiilisha hivyo kila siku inapikika."

Sikuona kosa lake hata moja, na nimetafuta.

Sasa betri mpya iko barazani, ndani ya kisanduku cha wavu chenye kufuli. Kila Ijumaa napima: kumi na tatu nukta sita. Bado naiona ndogo. Bado mkono unaenda kwa skrubu, na labda siku moja nitajidanganya tena.

"Umeiacha?" mama huuliza kutoka ndani.

"Nimeiacha, mama."

"Toka hapo basi, nikuone."