Mti wa Miezi Mitatu

Sijawahi kuyaamini maneno "ya muda tu". Darasa nililosomea Kivinje lilijengwa kwa miti na makuti likiitwa la muda tu, na mpaka namaliza la saba tulikuwa humo humo. Ndiyo maana nashindwa kujisamehe kwamba mwaka ule nilivaa fulana ya mradi, nikapita mlango kwa mlango nikiyasema mimi mwenyewe.

Mradi ulikuwa wa pande tatu: mji, chuo na sisi wananchi. Wanafunzi wa chuo wangeweka mabenchi na kivuli cha turubai kwenye kiwanja kilicho ubavuni mwa nyumba ya mama yangu. Watu wangepumzika, watoto wangecheza, na baada ya miezi mitatu kila kitu kingeondolewa. Mimi nilikuwa mhamasishaji. Kiwanja chenyewe mama hana karatasi yake. Ushahidi wake ulikuwa minazi aliyoipanda babu, nayo ilikufa kwa ugonjwa, mmoja baada ya mwingine, vikabaki visiki. Hapo ndipo anapoanika dagaa wake wa kuuza, na ndipo anapopatia riziki.

Alipoiona fulana yangu aliishika ukosi, akaipapasa kama mtu anayetaka kuinunua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akarudi kugeuza dagaa.

Mabenchi hayakumsumbua. Siku ya pili tu alikuwa ameshayakalia. Kilichomwinua ni gari lililoleta miche ya mikungu, miti ya kivuli inayoishi miaka na miaka.

Kwetu mgeni akiomba shamba hanyimwi. Ataonyeshwa kipande, apande muhogo, mtama, kunde, ufuta, avune aende zake. Mti wa kudumu hapandi. Mkorosho wa mgeni ukishashika mizizi, kesho mwanawe atakuja kukuuliza wewe unatafuta nini chini ya mti wa baba yake.

Miche ile nilikuwa nimeiona kwenye mchoro wiki mbili kabla. Niliiona, nikaelewa, nikanyamaza. Nilijiambia watu wa chuo hawajui mila zetu, hawana nia mbaya. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mkorofi nikavuliwa fulana.

Mama aliwaendea waliokuja na gari, jembe likiwa begani. Bwana wa mipango miji, mzaliwa wa Pande, huku huku kwetu, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi mradi wenu ni wa miezi mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Na mkungu huo utatupa kivuli lini?"

Bwana yule akacheka kidogo, akatazama simu yake. Mwalimu wa chuo, kijana mpole aliyetoka Dar, akamuuliza mama yeye angependa iweje.

"Nipande mimi. Kwa mkono wangu. Na mnipige picha, mniletee."

Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Huo ndio ushirikishwaji, aliwaambia wanafunzi wake, nao wakapiga makofi. Hapo ndipo bwana wa mipango miji alipoingilia, tena kwa haraka.

"Hapana, hapana. Miti itapandwa na ofisi. Ni utaratibu."

"Kwani kuna tofauti gani, nani kapanda?" mwalimu akauliza kwa moyo mweupe.

Mama alimtazama bwana yule, naye akamtazama mama, maana sisi watatu tulilijua jibu. Labda kweli ulikuwa utaratibu tu. Mpaka leo sijui, na siamini.

"Mpeni mama mche," mwalimu akasema.

Mama alichimba shimo mwenyewe, karibu na visiki vya babu, hataki kusaidiwa. Wanafunzi wakainua simu zao. Alipoutia mche shimoni, ukalala upande. Nikapiga magoti, fulana ya mradi mwilini, nikaushika usimame ili aweze kushindilia udongo. Nilidhani hilo angalau ningemfanyia.

Hakunitazama. Alisema polepole, mwalimu asisikie:

"Toa mkono wako kwenye picha."

Nikautoa. Nikaenda kusimama nyuma ya wanafunzi, kwenye nafasi iliyokuwepo, kando ya yule bwana wa Pande.