Mbelu na Simu Isiyozimwa

Mbelu alikuwa mtoto wa dereva wa treni, na katika Kindu ya zamani, huko Kongo, hilo halikuwa jambo dogo. Baba yake, Mpoyi, alitoka Kasai kufuata kazi ya reli, akamwoa Bernadette, akajenga karibu na gare, stesheni ya treni. Vita vilipoanza alikuwa ameondoka na treni ya mizigo kuelekea kusini, na nyuma yake njia ikakatwa. Waasi wakakaa mjini, risasi zikakaa msituni, na chumvi ikawa kitu cha kuota ndotoni.

Kila asubuhi Bernadette alimtuma Mbelu, mtoto wa shule asiye na shule, akaulize gare.

"Uulize kama iko habari ya baba."

Mmoja alisema Mpoyi ameonekana Kabalo. Mwingine alisema yuko Lubumbashi, ameoa tena. Mwingine alimpa tu kipande cha muhogo wa kuchoma. Mbelu alibeba kila kitu hadi nyumbani, na jioni mama yake alipakua sahani ya mume wake, akaifunika. Amani iliporudi na treni ya kwanza ikalia tena, mfanyakazi mmoja wa reli alishuka na ukweli: Mpoyi alichukuliwa na homa mwanzoni kabisa mwa vita. Muda wote ule walikuwa wakiulizia habari za marehemu.

Tangu hapo Mbelu hakukubali tena kukaa akingoja habari. Alizifuata. Simu zilipofika mjini, yake ilikuwa haizimwi, hata kanisani. Akawa muuguzi, akachoma watu sindano kwa miaka, kisha akaingia chuo cha udaktari akiwa mtu mzima, katikati ya vijana waliomwita Mama Mbelu.

Na huko chuoni simu ndiyo ilikuwa kitabu. Maktaba ilikuwa na rafu nyingi kuliko vitabu, kwa hiyo masomo yalipita WhatsApp. Nani angejua mwanafunzi anayesoma ni yupi na aliyepotea ni yupi? Mbelu aliweza kufungua somo la ini mchana, akainua kichwa giza limeingia, anajua ugomvi wote wa watu wa Kinshasa asiowahi kuwaona, na kuhusu ini hajui kitu. Wenzake walikuwa hivyo hivyo. Darasani waliinamisha vichwa kama watu wanaosali, wakafeli, wakacheka. Mbelu hakucheka. Rezo, yaani mtandao, ikikatika, mikono yake ilitetemeka, naye aliwahi kuwahudumia walevi, alijua kutetemeka huko kunaitwaje.

Kisha vita vikafika Bukavu, na mdogo wake Dodo alikuwa huko.

Siku hiyo Dokta Youssouf, mkubwa wa chumba cha watoto hospitalini, alimweka kando ya kitanda cha Idrissa, mtoto aliyemalizwa damu na malaria, ambaye sasa alikuwa akiongezewa ya mtu mwingine.

"Usibandue macho," daktari alimwambia. "Mwili unaweza kuikataa hiyo damu."

Mbelu alikaa, akatazama tone, tone, tone. Simu ikatikisika mfukoni. Bukavu. Aliitoa atazame kidogo tu. Picha ya kwanza ikavuta ya pili, ya pili ikavuta video ya watu wanaokimbia, akaanza kutafuta shati la Dodo katika umati ule.

"Dokta! Mutoto anatetemeka! We mama, muangalie mutoto!"

Aliyeita alikuwa Aïcha, mama wa Idrissa. Mbelu alimsikia kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto Lualaba. Aïcha akamvuta mkono, simu ikaanguka sakafuni. Hapo ndipo alipomwona mtoto: mwili umevimba mapele, meno yanagongana, pumzi inakwaruza. Mikono yake ya uuguzi ikaamka kabla ya akili. Alifunga mrija, akapiga kelele, Youssouf akaja mbio na dawa. Wakapigana. Polepole kifua cha mtoto kikatulia.

Youssouf aliokota simu, akamrudishia bila kumtazama usoni.

"Vua koti. Kesho utasikilizwa na chuo."

Mbelu alivua koti, lakini hakwenda nyumbani. Alirudi kitandani akasimama mbele ya Aïcha.

"Mimi njo mukosaji, mama. Nilikuwa natafuta ndugu yangu ndani ya simu."

"Na wangu alikuwa hapa, mbele ya macho yako." Aïcha alimkazia macho. "Sikusamehe leo. Lete hiyo simu."

Mbelu aliitoa. Aïcha akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo.

"Sasa kaa. Muangalie Idrissa mupaka jua lizame. Kama ndugu yako iko muzima, hata usipotazama ataendelea kuwa muzima."

Simu ilitikisika ndani ya fundo mara nyingi. Kila mara Mbelu alijiona tena mtoto anayeingia gare kuuliza. Alishika kitanda, akahesabu pumzi za Idrissa, jasho likamtiririka, hakusogea. Jua lilipozama, Aïcha alifungua fundo. Kati ya ujumbe wote ule hakuna uliotoka kwa Dodo.

Kesho yake wakubwa wa chuo walimwambia kwa upole unaouma: "Mama, umri umekwenda. Rudi kwenye sindano zako, uliziweza."

"Nipeni adhabu," Mbelu alisema. "Nirudisheni nyuma mwaka, nisafishe sakafu. Lakini kutoka, sitoki. Nina ugonjwa, na nitautaja kwa jina. Si pepo, si uvivu, ni ulevi wa simu. Mkinifukuza mimi, ugonjwa utabaki darasani, kwa sababu darasa zima linaumwa. Daktari ajaye wa Idrissa anaumwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza."

Walitazamana. Mezani simu ya mmoja wao iliwaka. Mwenyewe aliifunika na kiganja.

Walimrudisha nyuma mwaka. Kila asubuhi aliacha simu kwa mama yake, Bernadette, akaenda hospitali mikono mitupu. Vijana wakamwita Mama Bila Rezo. Kuna juma alishindwa, akaificha kwenye soksi na kujifungia chooni nayo. Alipotoka alimweleza Youssouf mwenyewe, akavua koti kabla hajaambiwa. Youssouf alimwambia alivae. Baadaye wasichana wawili wa darasa lake walianza kuziacha zao pia kwa Bernadette, naye akawa anazifunika kwa sahani, akilalamika kwamba zinanguruma kama nyuki.

Dodo alipatikana. Alikuwa amevuka mpaka, akalala Burundi, na siku rezo iliporudi alipiga hadi akachoka. Mbelu alipopiga jioni, alimkuta amekasirika.

"Yaya, dada yangu, nakupigia muchana kutwa, haupokei! Nilifikiri umekufa!"

"Muchana niko na wagonjwa," Mbelu alisema, machozi yakimshuka bila kubadili sauti. "Piga magharibi."

"Na kama kitu kinatokea muchana?"

"Kitatokea. Nitakijua magharibi."