Baba na Mume Wangu Wanashtakiana, na Shahidi Ni Mimi

Haya tumeletewa na msomaji wetu wa Kasulu. Jina lake tunalo, tumelificha kama alivyoomba.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina watoto wawili. Mume wangu ni fundi mwashi, kwao Kibondo. Baba yangu ana duka hapa hapa Kasulu mjini. Wawili hawa sasa wana kesi, na kesi yenyewe imeniangukia mimi.

Baba alitaka kujenga nyumba ya duka yenye ghala nyuma. Kazi akampa mkwewe, eti mtu wa nje angemwibia saruji, na saruji yenyewe siku hizi mnajua inavyopatikana. Walipatana walipane kwa hatua: msingi ukiisha baba analipa, kuta zikifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, analipa, na paa vivyo hivyo. Ila kwetu Waha mkwe hasimami mbele ya baba mkwe kudai fedha, ni aibu kubwa. Baba naye hawezi kubishana na aliyemuoa binti yake. Basi mdomo wao nikawa mimi. "Kamwambie mzee msingi umeisha." Naenda. Baba anakagua mafundi wakishaondoka, kisha ananiita dukani: "Mwambie mumeo nimeupokea, aendelee." Narudi. Jamani, nilijiona mtu wa maana!

Lenta ilipokauka, baba akaigongagonga kwa fimbo, akaniambia, "Mwambie hatua hii nimeipokea. Atafute mbao za paa, fedha yake inakuja." Nikapeleka. Mume wangu akakopa mbao na misumari. Fedha haikuja. Nilipomuuliza baba, akanitazama kama mteja aliyekuja kukopa. "Hatua ipi? Mimi sijapokea kitu. Lenta imepinda." Lenta haijapinda, nendeni mkaione.

Vibarua wa mume wangu, wakidai ujira wao, wakawa wanakuja asubuhi kukaa uani kwangu. Hawagombi, wanakaa tu, nami nawapa uji. Mwishowe mume wangu akaenda kushtaki.

Mbele ya hakimu baba akasema, "Ndugu hakimu, kijana huyu hajanitamkia hata siku moja kwamba kazi imefika hatua fulani, wala mimi sijamwambia naipokea. Mwulizeni." Mume wangu akaulizwa, akakubali ni kweli, maneno yote yalipitia kwa mkewe. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, akaagiza niitwe.

Tangu siku ile sisikii kitu. Silii, sikasiriki. Juzi nilijikata kidole nikimenya mihogo, nikaona damu kwanza ndipo nikajua nimejikata. Mume wangu anasema, "Wewe sema ulichotumwa, basi. Ukikana, funga mizigo yako urudi kwenu." Kwetu wapi? Baba kasema nikimsuta mbele za watu nisikanyage kwake tena. Mama kaninong'oneza, "Mume utapata mwingine, mwanangu."

Na bado wananituma! "Mwambie mumeo aondoe majukwaa yake ya kujengea ukutani kwangu." "Mwambie mzee majukwaa hayatoki mpaka anilipe." Naenda, narudi, kama vile hakuna kesi.

Jana baba kaniita dukani. Alikuwa anapima sukari, hakuniangalia. "Mwambie mumeo siku ya kesi utakuwa mgonjwa."

Nikarudi nyumbani, nikasonga ugali. Mume wangu akauliza, "Mzee kasemaje?"

"Hajasema kitu."

Tangu nyumba ile ianze kujengwa, hilo ndilo neno la kwanza la baba ambalo sikulifikisha. Sijui kwa nini nimelizuia. Nimekaa nalo tu.

Kesi ni wiki ijayo. Wenzangu mlioolewa huku baba zenu wangali hai, nishaurini: siku hiyo niamke mgonjwa, au niende? Na nikienda, jioni yake nirudi kulala kwa nani?